Breki kwanza: namna ya kupima breki na mvuto wa treni ya mjini

Breki hupimwa kabla ya mvuto, yaani nguvu ya mota ya kuisogeza treni. Ukiupindua mpangilio huu, hata kwa siku moja, utakuwa umeziruhusu tani mia moja na zaidi za chuma zitembee kabla hujajua kama zitasimama. Nimewahi kuona mafundi wazuri wakiwasha mota asubuhi ya kwanza kabisa, kwa sababu mkubwa fulani alikuwa anakuja kuiona treni ikitembea. Treni ilitembea, ikasimama, watu wakapiga makofi. Jioni tulipopima silinda za breki za behewa la nyuma, mbili kati ya nne hazikuwa zikipokea hewa.

Njia ya Kampala hadi Namanve, ambayo treni ya abiria ilianza kuitumikia Desemba 2015 na ambayo huduma yake imewahi kusimama na kurudi, inapita katikati ya maisha ya watu. Nakawa, Kireka, Namboole: kote huko watu hutembea kandokando ya reli kwenda kazini, bodaboda huvuka kwenye makutano, wanafunzi hukata njia ya mkato wakiwa na mabegi mgongoni. Dereva wa gari anaweza kukwepa. Dereva wa treni ana honi na breki tu, na honi haimsaidii mtu aliyeziba masikio kwa simu.

Mwongozo huu ni kwa fundi anayeanza kazi karakana, kwa mwanafunzi wa uhandisi wa Kyambogo au Makerere ambaye hajawahi kuingia chini ya behewa, na kwa mkaguzi anayetakiwa kutia sahihi. Nimeuandika kwa Kiswahili kwa kuwa kwenye reli yetu Kiswahili si mgeni. Njia ilipofika Kampala mwaka 1931, tayari kulikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya madereva, magadi (wasimamizi wa treni) na mafita (mafundi wa mitambo) waliofanya kazi kwa lugha hiyo kuanzia Mombasa. Treni tulizo nazo leo ni vichwa vya dizeli vinavyovuta mabehewa kwenye reli ya upana wa milimita 1,000. Ile reli mpya ya kisasa ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Oktoba 2024, itakuwa ya umeme na ya upana wa milimita 1,435. Vifaa vitabadilika, lakini utaratibu wa kupima utabaki huu huu kwa sehemu kubwa, na pale unapotofautiana nitasema.

Hatua ya 1: Andika kiwango cha kufaulu kabla ya kugusa chochote

Jaribio lisilo na kiwango kilichoandikwa mapema ni matembezi. Kaa na hati za gari lako la reli, liwe kichwa au behewa, uandike kwa kalamu: breki ya kawaida itapunguza mwendo kwa kiasi gani, breki ya dharura kwa kiasi gani, treni itasimama ndani ya mita ngapi kutoka mwendo gani, ikiwa na mzigo gani. Kwa treni za mjini, kiwango cha Ulaya cha EN 13452 kinaeleza utendaji wa breki na namna ya kuupima. IEC 61133 inaeleza majaribio ya gari zima kabla halijaanza kazi. EN 15595 inahusu mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze wakati wa kufunga breki.

Ili upate picha: treni ya umeme ya mjini hupunguza mwendo kwa karibu mita 1.0 hadi 1.2 kwa sekunde kila sekunde kwa breki ya kawaida, na karibu 1.2 hadi 1.3 kwa breki ya dharura. Tramu zinazotembea barabarani pamoja na magari zina sumaku zinazong'ang'ania reli yenyewe, na kwa dharura huweza kupita 2.5. Kichwa cha dizeli chenye mabehewa ya kizamani hakitafika huko, nawe usikilazimishe. Kipime kwa hati yake. Kosa kubwa la vijana ni kuchukua namba nzuri ya treni ya nchi nyingine na kuifanya kipimo cha treni yao.

Hatua ya 2: Gari likiwa limesimama, macho na mikono

Weka vizuizi vya mbao au chuma kwenye magurudumu. Tundika kibao cha onyo kwenye chumba cha dereva, kisha ingia chini.

Pima unene wa viatu vya breki, vile vipande vinavyobana gurudumu, au pedi kama gari lako lina diski. Pima kipenyo cha kila gurudumu, kwa sababu baadaye kompyuta itakokotoa mwendo kutokana na kipenyo hicho, na gurudumu lililochakaa litakudanganya. Angalia mipira ya hewa kati ya mabehewa, koki zake na viungo vyake. Paka maji ya sabuni penye kiungo, na mapovu yatakuonyesha panapovuja. Njia hii ni ya zamani na hakuna sensa iliyoweza kunishawishi niiache.

Sasa jaza hewa. Mfumo wa kawaida wa breki ya hewa hukaa na presha ya baa 5 kwenye bomba kuu linalopita urefu wote wa treni, na hapo breki huwa zimeachia. Ukipunguza presha, breki hubana. Mantiki hii ya kinyume ndiyo uvumbuzi mkubwa wa George Westinghouse katika miaka ya 1870, baada ya breki yake ya kwanza ya hewa ya mwaka 1869: bomba likikatika au behewa likichomoka, hewa hutoka na treni nzima hujifunga yenyewe. Fundi asiyeielewa vizuri mantiki hii asiguse koki.

Shusha presha kwa baa 0.5 na utembee kando ya treni ukitazama kila gurudumu. Kila kiatu kinapaswa kugusa. Endelea hadi baa 3.5, ambayo ni breki kamili ya kawaida, kisha usome presha kwenye silinda za breki. Kwenye mifumo mingi ya aina hii ukomo ni kama baa 3.8. Chukua saa. Kwenye mpangilio wa treni ya abiria silinda inatakiwa kujaa kwa sekunde 3 hadi 5, na kuachia kwa sekunde 15 hadi 20. Kwenye mpangilio wa treni ya mizigo kujaa huchukua sekunde 18 hadi 30. Ukikuta behewa la abiria linajaa kwa sekunde 20, kwanza tazama mtu ameiacha wapi swichi ya kuchagua mpangilio kabla hujaanza kufungua vali.

Funga breki, tenga kompresa, na usubiri ukiangalia geji. Kiasi cha uvujaji kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye hati ya gari. Usikisie, na usikubali maneno ya "huwa inavuja kidogo".

Hatua ya 3: Mwisho wa treni

Hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 27 Juni 1988, treni ya abiria wa mjini iliyokuwa ikielekea Paris iligonga treni nyingine iliyosimama ndani ya stesheni ya Gare de Lyon. Watu 56 walikufa. Kabla ya hapo abiria alikuwa amevuta breki ya dharura kwenye stesheni ya njiani, na katika pilikapilika za kuiachia, koki ya bomba kuu ilifungwa kwa makosa. Nyuma ya koki hiyo mabehewa hayakuwa na breki tena. Behewa la mbele lilikuwa na presha nzuri na geji ya dereva ilisoma vizuri, ila breki za sehemu kubwa ya treni hazikuwa na habari na mkono wake.

Kwa hiyo geji ya dereva si ushahidi wa breki za treni. Ushahidi uko kwenye behewa la mwisho. Mtume mtu mmoja huko akiwa na redio na geji yake, aifunge kwenye bomba la nyuma kabisa. Dereva ashushe presha. Mtu wa nyuma aseme kwa sauti anachokisoma. Dereva apandishe, mtu wa nyuma aseme tena. Kisha mtu wa nyuma afungue koki ya mwisho kwa muda, na dereva athibitishe kwamba presha imeshuka upande wake. Hii ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoonyesha kama hewa inapita moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Irudie kila mara mpangilio wa mabehewa unapobadilika, hata kama umeongeza behewa moja tu, hata kama umelitoa na kulirudisha.

Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alikuwa akitembea mwenyewe hadi behewa la mwisho, mvua au jua. Nikamwambia, "Mzee, redio ipo." Akanijibu, "Kijana, redio inaniambia unachokiona wewe. Mimi nataka kuona kiatu kikibana."

Hatua ya 4: Breki ya kuegesha

Watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyopata hitilafu ya breki ilirudi nyuma kwenye mteremko na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Hewa hupungua, huvuja, huisha. Lazima kuwe na kitu kinachoishikilia treni bila hewa kabisa, iwe ni springi au gurudumu la mkono.

Kokotoa kwanza. Treni ya tani 200 kwenye mteremko wa 2 kwa 100 inavutwa chini kwa nguvu ya karibu kilonyutoni 39. Breki ya kuegesha ishinde nguvu hiyo kwa ziada iliyoandikwa kwenye hati yako. Kisha jaribu kwa vitendo: toa hewa yote, acha breki ya kuegesha peke yake, na ulivute gari kwa kichwa kingine kupitia kipima nguvu hadi ufike kiasi ulichokikokotoa. Kama huna kipima nguvu, tafuta mteremko halisi uliopimwa, ndani ya eneo lililofungwa, na kichwa kingine kikiwa chini yake kama kizuizi. Iache hapo nusu saa au zaidi, ukiwa umechora alama ya chaki kwenye gurudumu na kwenye reli. Alama zikiachana hata kwa upana wa kidole, jaribio limeshindwa.

Hatua ya 5: Umeme wa mvuto, bado bila kutembea

Sasa ndiyo zamu ya mvuto, na ya kwanza ni usalama wa mwili wako. Kwenye gari la umeme lenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme uifae mota, kapasita zinazohifadhi umeme hubaki na chaji baada ya kuzima. Subiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, pima kwa multimita iliyothibitishwa, unganisha na ardhi, ndipo uguse. Usimtegemee mtu anayekuambia kwamba alishazima.

Pima usugu wa kihami, yaani jinsi kinavyozuia umeme usivuje, kwa kifaa kiitwacho mega, baada ya kutenga vifaa vyote vya elektroniki, la sivyo utaviua kwa mkono wako. Unyevu wa Kampala asubuhi ya mwezi wa nne hushusha usomaji, kwa hiyo andika halijoto na hali ya hewa pembeni ya kila namba. Usomaji mdogo wa asubuhi ukipanda mchana gari likikauka, una hadithi tofauti na usomaji mdogo usiopanda.

Kisha pitia vizuizi kimoja kimoja. Mlango mmoja ukiwa wazi, mvuto usiwake. Fanya hivyo kwa kila mlango, usichague mmoja wa kuwakilisha wenzake. Breki ya dharura ikiwa imevutwa, mvuto ukatike. Dereva akiachia kanyagio au kitufe cha uhai, yaani kile kinachothibitisha kuwa yuko macho, onyo lilie, na akinyamaza treni ijifunge. Mpini wa mwelekeo ukiwa nyuma, mota zote zigeukie nyuma. Nimesikia mota moja iliyoungwa kinyume ikipigana na wenzake, na mlio wake hausahauliki.

Mwisho wa hatua hii, funga breki kamili na uweke nochi ya kwanza, yaani ngazi ya chini kabisa ya mvuto, kwa sekunde chache tu. Treni isisogee. Usizidishe muda: mota iliyozuiwa kuzunguka huku umeme ukipita huungua haraka.

Hatua ya 6: Mahali, watu na mzigo

Tafuta kipande cha reli kilichonyooka, kilicho tambarare kadiri iwezekanavyo, na kirefu mara tatu ya umbali unaotarajia kusimama. Mpima ardhi apime mteremko wake hata kama kwa macho ni tambarare, kwa sababu mteremko wa 1 kwa 100 hubadilisha matokeo kwa karibu 0.1 m/s² (mita kwa sekunde kila sekunde), na hiyo inatosha kufaulisha gari baya.

Omba kwa maandishi kipande hicho kifungwe kwa treni nyingine. Halafu ufanye kazi ambayo vitabu vya nje havikutajii: siku moja kabla, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) wa kila mtaa unaopakana na reli, na kwa viongozi wa stendi za bodaboda karibu na kila makutano. Waeleze saa na siku. Watu wamezoea ratiba, wanajua treni ya asubuhi imepita na wanavuka wakiwa wametulia. Treni ya majaribio inayopita saa tano, ikarudi, ikapita tena, inavunja mazoea yao. Weka mtu mwenye bendera na redio kwenye kila makutano, na kanuni iwe kwamba yeyote kati yao akisema "simama", jaribio linasimama bila mjadala.

Kuhusu mzigo: pima treni ikiwa tupu, kisha ikiwa imejaa. Kwa treni za mjini watu huhesabu abiria waliokaa pamoja na waliosimama wanne kwa kila mita ya mraba, na kwa msongamano mkubwa sita au zaidi. Sisi tunajua ni kipi kati ya hivyo kinachofanana na treni ya jioni. Abiria 100 wa wastani wa kilo 70 ni kilo 7,000. Mifuko ya mchanga ya kilo 50 itakuwa 140, ila mchanga ulionyeshewa huzidi, kwa hiyo pima mifuko kumi kwa mizani kwanza. Mimi napendelea jerikani. Lita 20 za maji ni kilo 20, uzito wa plastiki ni mdogo, na jerikani 350 hupatikana Kampala bila shida. Zijaze hadi mdomoni na kuzifunga vizuri ili maji yasiyumbe, na zipange kulingana na mahali watu wanaposimama, wengi wakiwa karibu na milango.

Hatua ya 7: Kusimamisha treni

Anza na kilomita 5 kwa saa. Kisha 10. Dereva afunge breki na ninyi nyote msikilize. Baada ya hapo panda hadi 20, 40, 60, na mwisho mwendo wa juu kabisa wa gari hilo. Usiruke ngazi hata kama ngazi iliyopita ilikuwa nzuri mno.

Mwendo upimwe kwa kifaa kisichotegemea gurudumu, kama rada iliyofungwa chini ya gari au kipokezi cha GPS cha kasi ya juu. Gurudumu likijifunga na kuteleza, sensa ya ekseli itasoma sifuri huku treni ikiendelea kwenda. Rekodi vyote kwa saa ileile moja, yaani kifaa kimoja cha kuhesabu muda: mwendo, presha ya bomba kuu, presha ya silinda za behewa la kwanza na la mwisho, na alama ya wakati dereva alipogusa mpini. Nasisitiza saa moja. Niliwahi kupoteza kazi ya siku nzima kwa sababu saa ya kamera na saa ya kinasa data zilipishana kwa sekunde mbili, na kwa kilomita 60 kwa saa sekunde mbili ni mita 33. Tulirudia yote kesho yake, na tangu hapo kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kulinganisha saa.

Hesabu yenyewe ni hii. Umbali wa kusimama una sehemu mbili: umbali unaopotea breki zikiwa zinajaa, na umbali wa kupunguza mwendo. Chukua jaribio lililoanza kwa kilomita 62 kwa saa badala ya 60, treni ikasimama kwa mita 160, muda wa kujaa ukihesabiwa sawa na sekunde 1 ya kwenda bila breki, kwenye mteremko wa kushuka wa 5 kwa 1,000. Kilomita 62 kwa saa ni mita 17.2 kwa sekunde, kwa hiyo mita 17.2 zilipotea mwanzoni na zikabaki 142.8. Mwendo kipeo cha pili ukigawanywa kwa mara mbili ya umbali huo, unapata 1.04 m/s². Mteremko ulikuwa ukiisukuma treni kwa karibu 0.05, kwa hiyo kwenye tambarare breki hiyo ingetoa 1.09. Rudisha sasa kwenye kilomita 60: mita 127 za kupunguza mwendo na mita 17 za kujaa, jumla 144. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na kiwango ulichokiandika kwenye hatua ya kwanza, wala si ile 160 uliyoisoma njiani.

Rudia kila jaribio mara tano kwa mzigo uleule. Kati ya jaribio na jaribio pima joto la magurudumu au diski kwa kipimajoto cha mwanga, na usubiri vipoe, kwani breki moto huweza kukupa matokeo mengine kabisa. Halafu, kwa makusudi, fanya mfululizo bila kusubiri: simama, ondoka, simama, kama treni inayokusanya abiria stesheni kwa stesheni. Hapo ndipo breki zinazochoka hujionyesha.

Matokeo matano yakipatikana, wengi huandika wastani. Mimi naliandika pia lile baya kuliko yote, tena kwa mstari mzito, na ninalitafutia sababu. Abiria hapandi treni ya wastani. Kama manne yalikuwa mita 144 na moja 171, kuna kitu kilitokea kwenye lile moja, na usilifute mpaka ukijue.

Hatua ya 8: Reli yenye tope

Jaribio la reli kavu peke yake halitoshi kwa Uganda. Mvua ya masika ikinyesha, malori na bodaboda huleta udongo mwekundu wa moramu hadi kwenye makutano na kuupaka juu ya reli. Udongo huo ukichanganyika na manyunyu mepesi ni mbaya kuliko mvua kubwa, maana mvua kubwa huosha.

Mshiko wa gurudumu kwenye reli kavu ni karibu 0.3. Ikilowa hushuka hadi 0.15 hivi, na kwenye uchafu wa utelezi huweza kufika 0.05. Kwa 0.05, hata kama kila gurudumu lina breki nzuri, treni haiwezi kupunguza mwendo zaidi ya 0.49 m/s². Kutoka kilomita 60 kwa saa hiyo ni zaidi ya mita 280, ukilinganisha na zile 127 za hapo juu. Ukibana breki zaidi, gurudumu linajifunga, linaburuzwa, na linapata ubapa utakaousikia kila mzunguko hadi lichongwe upya.

Ili kupima, funga tangi lenye maji na sabuni na mrija unaonyunyiza mbele ya gurudumu la kwanza, kwa mtiririko usiobadilika. Rekodi mwendo wa kila ekseli ukilinganisha na mwendo halisi wa treni. Mfumo mzuri wa kuzuia utelezi hushika na kuachia haraka, na kwenye grafu utaona mwendo wa ekseli ukicheza karibu na mwendo wa treni bila kuanguka hadi sifuri. Mfumo mbaya huachia muda mrefu mno, na umbali wa kusimama hurefuka hata kuliko kama usingekuwepo. Mabehewa ya zamani yasiyo na mfumo huo yapimwe kwa breki laini zaidi, pamoja na mabomba ya mchanga ya kichwa. Hakikisha mchanga ni mkavu na unaangukia mbele ya gurudumu. Nimekuta bomba limezibwa na kiota cha manyigu.

Matokeo ya hatua hii apewe dereva kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye atakayeamua kule Kireka aanze kubana wapi siku ya manyunyu.

Hatua ya 9: Mvuto njiani

Hapa kazi ni nyepesi, kwa kuwa sasa unajua treni inasimama. Pima muda kutoka sifuri hadi kilomita 30, na hadi 60, ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Treni ya umeme yenye mchapuko wa 1.0 m/s² hufika kilomita 30 kwa sekunde 8.3. Kichwa cha dizeli kinabanwa na mshiko: chenye uzito wa tani 90 kikiwa na mshiko wa 0.25 hakiwezi kuvuta kwa zaidi ya kilonyutoni 220 hivi, hata injini yake iwe kubwa namna gani. Kompyuta ikionyesha zaidi ya hapo kwenye reli ya kawaida, tilia shaka kipimo chako.

Jaribio muhimu kuliko yote hapa ni kuondoka kwenye mlima na mzigo kamili, mota moja ikiwa imetengwa. Kampala ni mji wa vilima, na mota hufa. Simama mlimani, achia breki, vuta, na uangalie kama treni inarudi nyuma hata kidogo kabla ya kushika. Kisha vuta treni nyingine iliyokufa, maana siku moja utalazimika. Pima joto la mota mwisho wa kila mfululizo.

Kwenye treni za umeme kuna jambo la ziada: mota zenyewe hufunga breki kwa kugeuka jenereta, na breki ya msuguano hujazia pengo. Pima makabidhiano kati ya hizo mbili. Kwenye mwendo mdogo breki ya umeme huisha na ya msuguano huchukua kazi. Abiria aliyesimama asisikie mtupo. Kisha zima breki ya umeme kabisa na urudie hatua ya saba yote kwa msuguano peke yake. Treni lazima isimame ndani ya kiwango hata siku ambayo waya hauko tayari kupokea umeme unaorudishwa.

Hatua ya 10: Kesho yake asubuhi

Usitie sahihi jioni ya siku ya mwisho. Shusha jerikani, hesabu koki zote ulizofungua na uzifunge kwa lakiri upya. Liache gari lilale. Asubuhi, likiwa limepoa, rudia kipimo cha uvujaji na ukague viatu, pedi na magurudumu kwa tochi, ukitafuta nyufa za joto na alama za ubapa. Tembea hadi behewa la mwisho na geji yako, dereva ashushe presha, na utazame kiatu kikibana. Andika saa, halijoto, majina ya waliokuwepo na namba zote, zikiwemo zile mbaya, kisha mkabidhi dereva nakala yake mkononi.